Kadi ya grafiki ya bei ya chini, au nibaki na grafiki za prosesa?

Kitasa: Wakuu, naomba ushauri. Nacheza gemu wikendi tu, za mpira na magari, skrini ya 1080p. Mashine ina prosesa ya Ryzen 5 5600G yenye grafiki zake ndani, kadi ya grafiki sina. Gemu mpya zinakwamakwama. Nazifikiria kadi tatu: GTX 1650 mpya, RX 6500 XT mpya, au RX 580 ya GB 8 iliyotumika. Au kwa mchezaji wa wikendi ni kupoteza hela?

Mzee wa Feni: Kabla hujatoa hela, RAM yako ni vipande vingapi?

Kitasa: Kimoja, GB 8.

Mzee wa Feni: Basi anzia hapo. Grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake, zinamega hiyohiyo RAM. Kwa kipande kimoja unatumia chaneli moja tu ya kupitisha data. Ongeza kingine kinachofanana nacho, data inapita mara mbili ya sasa. Wengi wananunua kadi kutibu ugonjwa wa RAM, inauma kuona.

Nuru_K: Naunga mkono. Na hiyo 6500 XT iondoe kabisa kwenye orodha. Inatumia njia 4 tu za PCIe, ule mlango unaounganisha kadi na mashine. Kwenye mashine ya PCIe 4.0 inajitahidi, lakini 5600G inaishia toleo la nyuma, PCIe 3.0, kwa hiyo kasi ya njia hizo inashuka nusu. GB 4 za kadi zikijaa, data inahamia RAM kupitia mlango huohuo mwembamba na gemu inaganda katikati ya mchezo. Tena haina kisimbaji cha video (sehemu ya kubana video wakati wa kurekodi), ukirekodi mchezo mzigo wote unaangukia prosesa. Mimi ningevuta subira nitafute RX 6600 iliyotumika: GB 8, wati 132.

Soketi: Nuru, hiyo 6600 tayari ni bajeti nyingine. Mtu wa gemu za mpira GTX 1650 inamtosha. Ni ya 2019, ndiyo, GB 4, lakini inakula wati 75 na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Unachomeka, unacheza.

Nuru_K: Inatosha leo. Gemu mpya zinajaza GB 4 haraka, utashusha ubora wa picha kila mara. Kwa hilo hata RX 580 inaizidi.

Mzee wa Feni: RX 580 inavuta wati 185. Na nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mchana na usiku mpaka uchimbaji ule ulipokoma Septemba 2022. Usinunue bila kuiona ikiendesha gemu zito nusu saa nzima, usikilize feni, uangalie na joto.

Kitasa: Nimefungua kasha. Pawasaplai (kifaa cha kulisha mashine umeme) ni wati 300, waya wa pini 8 wa kadi haupo.

Soketi: RX 580 imekwisha hapo. Hata 6600 usiijaribu na pawasaplai hiyo.

Kitasa: Sawa wakuu. Nachukua kipande cha pili cha RAM kwanza. Zikikwama bado, narudi kuulizia 1650 isiyo na waya.