Tupeane uzoefu: kusafisha akaunti za mtandaoni, kazi inaanzia wapi?

Mlinzi_wa_Zamu: Wengi wakisema wanasafisha, wanafuta picha na programu. Simu inapata nafasi, lakini milango ya akaunti inabaki wazi. Tuwekane hapa mpangilio wa kazi na mahali inapokwama.

Kitasa: Barua pepe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kila "umesahau nywila?" inaishia humo, kwa hiyo aliyeishika ameshika akaunti zako zote. Badilisha nywila, kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua. Halafu fungua mipangilio ya kusambaza barua na vichujio (kanuni zinazopanga barua zenyewe). Hapo ndipo watu wasipoangalia: mdukuzi akiingia mara moja huweka anwani yake, na nakala za barua zinaendelea kumfikia hata ukishabadilisha nywila. Kagua pia namba ya simu ya kurejesha akaunti. Laini iliyolala muda mrefu kampuni ya simu huigawa upya, na misimbo yako inakwenda kwa mtu mwingine.

Bi_Hifadhi: Nywila zikae kwenye programu ya kuzitunza, mfano Bitwarden au KeePassXC. Nywila kuu iwe maneno sita yaliyochaguliwa kwa dadu: rusha dadu mara tano kwa kila neno, utafute namba ya tarakimu tano uliyopata kwenye orodha ya maneno 7,776. Usichague kwa kichwa, maana kichwa hurudia maneno yale yale. Ukihamisha nywila kutoka kwenye kivinjari, faili la CSV linalotoka (jedwali la maandishi ya kawaida) halina ulinzi wowote, kila nywila inasomeka. Lifute mara moja, na pipa la taka ulimwage. Wa KeePassXC, faili la .kdbx, ambamo nywila zako zote hukaa, liwe na nakala mahali pawili. Likipotea, au ukisahau nywila kuu, hakuna wa kukurejeshea.

Mgeni_Njoo: Msimbo wa SMS wa kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti hautoshi?

Kitasa: Ni bora kuliko kukosa kabisa, ila anayefanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake anapokea misimbo yote. Tumia programu ya misimbo: tarakimu sita, hubadilika kila sekunde 30, na haihitaji mtandao. Msimbo hukokotolewa kwa siri iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na saa, kwa hiyo saa ikipotoka msimbo unakataliwa. Weka saa ijirekebishe yenyewe. Misimbo ya akiba, ya kuingilia simu ikikosekana, iandikwe kwenye karatasi. Google hutoa 10, kila mmoja hutumika mara moja tu. Na tafadhali, usifute simu ya zamani kabla hujahamisha programu hiyo na kujaribu kuingia kwa simu mpya.

Bi_Hifadhi: Kufuta programu hakufuti akaunti. Tafuta kwenye barua pepe "karibu", "thibitisha", "welcome" na "verify". Akaunti ulizozisahau zitajitokeza zenyewe. Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha anwani yako imevuja kwenye huduma zipi. Kwa kuwa huduma nyingine huzima akaunti bila kufuta taarifa, ondoa kwanza anwani, picha na kadi ya malipo, ndipo ubonyeze kufuta.

Mlinzi_wa_Zamu: Niongezee WhatsApp: washa uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita, na uweke barua pepe ya kuirejesha. Kisha fungua vifaa vilivyounganishwa, ukatoe kila kompyuta usiyoitumia.