Gumzo la Majirani wa Ufukweni, Msimbati, Mtwara

Mama Zuhura: Assalaam alaykum majirani. Alfajiri nikielekea diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nimekuta nyayo za kasa. Zimetoka majini mpaka chini ya ile mivinje mikubwa, zikarudi. Njia yake pana kama tairi la trekta limepita. Pale juu mchanga umechimbwa ukafukiwa. Sijagusa kitu.

Mwalimu Rehema: Waalaykum salaam. Alhamdulillah! Na umefanya la maana kutogusa. Yale mayai yakishakaa saa kadhaa, ukiyageuza tu kitoto kilichomo kinakufa. Hata kwa nia njema tusiyahamishe.

Hamisi Nahodha: Nimeshampigia askari wa hifadhi ya bahari, yuko njiani. Anasema tusiweke kijiti wala alama yoyote, maana mwizi wa mayai naye anatafuta alama. Nyayo zifutwe kwa tawi.

Mama Zuhura: Nimefuta zote, mpaka mstari wa maji.

Babu Ally: Wajukuu zangu, sisi mayai hayo tuliyala utotoni, na bahari haikukauka. Mnayafanya makubwa.

Mwalimu Rehema: Shikamoo babu. Enzi zenu watu walikuwa wachache na nyavu za kuhesabika. Kasa mmoja anataga mayai mia na zaidi, lakini kwenye vitoto elfu pengine kimoja tu ndicho kinakua mpaka kutaga. Na kufika hapo kinaweza kuchukua miaka 20, 30, hata zaidi. Huyo mama wa jana usiku huenda ameanza kuogelea kabla mimi sijazaliwa. Tukila kiota kimoja leo, pengo lake wataliona wajukuu wa Zuhura.

Babu Ally: Marahaba mwanangu. Hilo la miaka sikulijua.

Dada Asha (mama lishe): Na nyama je? Juzi kuna mtu kaniletea mlango wa nyuma, bei ya kutupa.

Mwalimu Rehema: Usiipokee hata bure, Asha. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja kwa kula nyama ya kasa. Wengine wengi walilazwa. Sumu yenyewe haiondoki kwa kupika, na huwezi kuijua kwa macho wala kwa harufu. Tena ni kosa kisheria.

Dada Asha: Mungu awarehemu. Nilimrudisha nayo. Na akija tena namwita mwenyekiti wa kitongoji.

Hamisi Nahodha: Wavuvi wenzangu, na jarife, ule wavu wa macho makubwa, tulitazame. Kasa anapumua hewa kama sisi, akinaswa usiku kucha anakufa maji. Tusililaze mpaka asubuhi bila kulikagua. Ukimkuta amelegea usimtupe baharini ukidhani kafa. Mlaze kwa tumbo, inua nyuma kidogo maji yamtoke, mfunike kitambaa kibichi, mweke kivulini. Huwa wanazinduka baada ya saa kadhaa. Akichangamka ndiyo unamshusha majini taratibu.

Mwalimu Rehema: Sasa jambo ambalo ni letu sote, hata asiyevua. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vitatoka, na mara nyingi hutoka usiku. Vikitoka vinafuata upande wenye mwanga zaidi, na usiku upande huo huwa bahari. Lakini nyumba ikiwa na taa nyeupe inayotazama ufukwe, vinapanda juu badala ya kushuka. Jua likiwaka vimekauka, au vimeliwa na kaa na kunguru. Naomba taa zote za upande wa bahari zizimwe usiku.

Mjomba Saidi: Mwalimu, kwa heshima yako, hapo sikubaliani. Taa ya kwangu ni ya ulinzi. Msimu uliopita nimeibiwa mashine ya boti. Nikizima nani atanilindia?

Mama Zuhura: Mjomba ana haki. Sote tulimwona alivyohangaika.

Mwalimu Rehema: Ana haki kabisa, mali yake ilindwe. Mjomba, boti unaiweka upande gani?

Mjomba Saidi: Uani, upande wa barabara.

Hamisi Nahodha: Basi taa ihamie uani ikamulike boti yenyewe. Sasa hivi inamulika mchanga mtupu. Ikibidi ibaki pale, ishuke chini ya paa, ukate kopo uifunike upande wa bahari, mwanga uanguke mlangoni. Balbu nyekundu hafifu nayo ina nafuu kuliko nyeupe.

Mjomba Saidi: Uani waya haufiki. Kopo hilo naliweza.

Mama Zuhura: Na vijana wanaoshuka ufukweni kupiga picha? Kasa akimulikwa anapopanda, anarudi majini bila kutaga.

Zuhura: Mama, nitawaambia. Hakuna tochi wala flashi. Na picha ya kiota hatutarusha mtandaoni, isije ikaonyesha mahali.

Dada Asha: Mimi jikoni kwangu nimeamua moja. Samaki aliyeuawa kwa baruti sinunui, hata diko zima likose samaki. Ukimbonyeza amelegea, ukimpasua mfupa wa mgongo umevunjika na damu imevilia tumboni. Anayeuza atasema kachoka na jua. Jua halivunji mgongo! Na baruti moja inabomoa matumbawe ambayo ng'amba, aina ya kasa, wanajilisha humo. Pweza wa chini ya nusu kilo pia simchukui, sheria yenyewe inakataza na hajawahi kuzaa.

Hamisi Nahodha: Asha, ukikataa wewe na mama lishe wa jirani, huyo mpiga baruti atamuuzia nani? Sisi wa ndoano tutashukuru.

Babu Ally: Hili la Asha nimelipenda kuliko yote. Baruti ndiyo iliyotumaliza hapa.

Mama Zuhura: Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini vile vifuko laini vya karanga na barafu bado naviokota kila siku kwenye mwani. Kasa anavimeza akidhani ni chakula. Kila anayeshuka diko arudi na alivyoviona. Mimi nina kiroba, kitakaa kwenye banda la Hamisi.

Hamisi Nahodha: Askari amefika. Amekiona kiota, ameandika tarehe. Anasema mama huyuhuyu anaweza kupanda tena baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo madau yavutwe juu kabisa, njia ibaki wazi. Na mbwa wafungwe usiku, wanafukua.

Mjomba Saidi: Kopo la maziwa nimepata. Hamisi, ngazi yako nzima?

Hamisi Nahodha: Nzima. Nakuja nayo baada ya Isha.