Programu yangu ni ya PyQt6, wakili wa mteja anauliza leseni. Naombeni ushauri

Mjenzi_wa_Usiku
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, na ikiwezekana kabla ya Ijumaa.

Nina programu ya kusimamia ghala niliyoiandika kwa Python na PyQt6 (maktaba ya kutengeneza madirisha na vitufe vya programu), mwaka na nusu wa jioni na wikendi. Nimepata mteja, na nyuma yake wapo wengine wawili wanaosubiri kuona. Nataka kuiuza ikiwa imefungwa, msimbo nibaki nao mwenyewe. Bei tulishaelewana. Jana wakili wake kaniandikia mstari mmoja tu: naomba orodha ya maktaba zote ulizotumia pamoja na leseni zake.

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Kufika kwenye PyQt6 nakuta GPL toleo la 3, ile leseni inayodai utoe na msimbo. Mimi miaka yote najua Qt, ile maktaba iliyo chini ya PyQt, ni LGPL, leseni laini zaidi ya GPL, na LGPL haina shida na biashara. Nimekosea wapi? Nifute kila kitu nianze upya na Tkinter, ile maktaba ya madirisha inayokuja na Python? Kuna na chati za mauzo humo, hizo niliokota mtandaoni kwenye mradi wa mtu, faili moja tu.

Kobe_Mwendo
Hujakosea, umechanganya vitu viwili. Qt yenyewe, ile ya C++, unaweza kuichukua kwa LGPL 3, kwa GPL, au kwa leseni ya kulipia. PyQt ni daraja la kukutoa kwenye Python hadi kwenye Qt, na daraja hilo ni mali ya Riverbank Computing. Wao wanatoa kwa GPL 3 au unalipia. Ukipita kwao unafuata masharti yao, hata kama ng'ambo ni LGPL.

Ndiyo maana lipo daraja jingine, PySide. Ilitoka 2009, Nokia wakiwa ndio wenye Qt, na ikatolewa kwa LGPL. Madirisha ni yale yale, vitufe ni vile vile.

Usifute chochote, hamia PySide6. Unabadilisha mistari ya import, pyqtSignal inakuwa Signal, pyqtSlot inakuwa Slot. Utakapotoa jasho ni kwenye uic.loadUi, kama unapakia faili za .ui (zile zenye michoro ya madirisha) moja kwa moja. PySide haifanyi hivyo kwa namna ile, kwa hiyo zigeuze kwanza ziwe Python kwa pyside6-uic. Mimi nilikuwa na madirisha kumi na manne, nikamaliza kwa jioni mbili, na karibu zote ziliishia kwenye hizo .ui.

Bwana_Njia_Fupi
Mnajichosha bure wakuu. Funga exe, mpe mtu wake. Nani atafungua aangalie ndani?

Nta_ya_Nyuki
Njia Fupi, wakili ameshauliza kwa maandishi. Ajibu uongo kwa maandishi? Halafu kufungua kifurushi cha PyInstaller, chombo cha kugeuza Python kuwa exe, na kuona jina PyQt6 ndani yake ni kazi ya dakika mbili.

Mleta uzi, elewa pia kwamba GPL haikatazi kuuza. Inachodai ni kwamba uliyempa programu apate na msimbo, na awe huru kuusambaza. Deni lako ni kwa uliyempa, si kwa dunia nzima. Mteja angekuwa mmoja ningekwambia muuzie na msimbo wake, yaishe. Ila una watatu, na huyo wa kwanza anaweza kuwapa wenzake bure, kihalali kabisa.

MamaKompaila
Mimi PyQt hainisumbui, ina dawa. Hiyo faili ya chati ndiyo imenishtua. Ifungue, soma maelezo ya juu kabisa, utuambie yanasemaje neno kwa neno kuhusu toleo.

Mjenzi_wa_Usiku
Yanasema GPL toleo la 2. Nimetafuta yale maneno ya "au toleo lolote la baadaye", hayapo.

MamaKompaila
Nilijua. Basi tatizo lako lilianza siku ulipoibandika hiyo faili, kabla hata ya huyo mteja.

GPL 2 pekee na GPL 3 hazikai chungu kimoja. Kila moja inataka kazi nzima itoke chini yake yenyewe, na hakuna inayokubali kuongezewa masharti ya mwenzake. Kwa hiyo hata ungeamua kuigawa programu yote bure na msimbo wake, ikiwa na PyQt6 ndani bado ungekuwa unavunja leseni. Wengi wanadhani GPL na GPL ni ndugu. Magomvi haya ni ya zamani: KDE, mazingira ya madirisha ya Linux, ilipoanza 1996 juu ya Qt iliyokuwa na leseni isiyo huru, wengine wakaenda kuanzisha mshindani wake GNOME mwaka uliofuata, na ugomvi wa leseni haukutulia mpaka Qt ilipotolewa kwa GPL mwaka 2000.

Ama umwandikie mwenye faili akupe ruhusa ya leseni nyingine, ama uitoe. Mimi ningeitoa. Weka pyqtgraph, maktaba ya kuchora chati, ni MIT, leseni isiyodai utoe msimbo, na inafanya kazi na PySide6. Ila usije ukakimbilia QtCharts, sehemu ya chati ya Qt yenyewe! Inakuja ndani ya PySide6 hiyo hiyo, lakini yenyewe ni GPL 3 au kulipia, LGPL haimo, na pip, kisakinishi cha Python, haitakuonya. Sakinisha PySide6_Essentials, kifurushi cha sehemu za msingi tu, peke yake, hapo QtCharts haingii kabisa.

Kobe_Mwendo
Naongezea upande wa LGPL, maana nayo si bure ya kulala. Weka nakala ya leseni na tangazo kwamba umetumia Qt. Mteja lazima aweze kutoa Qt yako na kuweka Qt aliyoirekebisha yeye, kwa hiyo toa programu kama folda yenye maktaba zinazoonekana, achana na exe moja iliyomeza kila kitu. Na mkataba wako usome vizuri: kile kifungu ambacho kila mtu ananakili, cha kukataza kuchunguza programu kwa ndani, kinagongana na LGPL. Kipunguze.

Mjenzi_wa_Usiku
Nimerudi. Chati nimetoa, pyqtgraph inachora vizuri tu. Import zote nimebadilisha, dirisha la kwanza limefunguka usiku huu saa saba. Zimebaki .ui tisa, Kobe ulisema kweli.

Nta_ya_Nyuki
Safi. Swali la mwisho: msimbo wote umeandika wewe?

Mjenzi_wa_Usiku
Sehemu ya kuchapisha stakabadhi aliandika rafiki yangu, mwaka jana. Hatukuandikiana chochote.

Nta_ya_Nyuki
Basi hakimiliki ya sehemu hiyo ni yake. Mtafute akuandikie ruhusa kabla hujatuma orodha.

Mjenzi_wa_Usiku
Duh. Ngoja kupambazuke nimpigie.