Usiku wa mafuriko kwenye kikundi cha familia

Shangazi: ↪ *Umesambazwa mara nyingi*
"DHARURA!! Watu sita juu ya paa, maji yamefika madirishani, kuna kichanga. TUMA KWA KILA MTU"

Shangazi: Jamani wafikishieni wenye mashua. Kichanga na mvua yote hii 😭

Kitindamimba: Shikamoo Shangazi. Paa la wapi hilo?

Shangazi: Marahaba. Hawakuandika.

Kitindamimba: Na ni la saa ngapi?

Baba Mdogo: Niliuona tangu jana kwenye kikundi cha kazini. Kule ulikuwa na namba ya simu na jina la mtaa. Huku umefika umeshanyofolewa.

Dada Mkubwa: Kerala, India, yaliwakuta hayo kwenye mafuriko ya Agosti 2018. Watu walituma lokesheni kwa WhatsApp, vijana wa kompyuta wakafungua tovuti ya kukusanya maombi, wavuvi wakapakia mashua kwenye malori wakaja kuokoa. Shida ni kwamba mtu akishaokolewa, ombi lake bado linazunguka. Mwenye mashua anahangaika kuifuata nyumba tupu.

Mjomba: 📷 Oneni maajabu! Papa barabarani!! 🦈

Kitindamimba: 😂😂 Mjomba, huyo mzee kuliko simu yako. Alipigwa picha baharini Afrika Kusini akifuata mtumbwi. Wakambandika barabarani kwenye kimbunga Irene 2011, akarudi tena kwa Harvey 2017.

Mjomba: Kumbe msafiri. Haya, nimemfuta.

Baba Mdogo: Tuacheni papa. Mama Mdogo kimya tangu alasiri. Nimempigia weee, hapatikani.

Dada Mkubwa: Tusimpigie wote. Mtandao ukizidiwa simu hazitoki, ila SMS fupi yaweza kupenya. Na kila ikiita inamla betri. Baba Mdogo, umwandikie wewe tu, akijibu utuwekee hapa.

Shangazi: Hivi hii mitandao inaokoa mtu kweli, au tunajifariji tu?

Dada Mkubwa: Inaokoa, ukisema uko wapi. Tetemeko la Uturuki, Februari 2023, kijana alijirekodi akiwa chini ya kifusi, akaweka kwenye stetasi ya WhatsApp pamoja na anwani. Wakamfikia, wakamtoa. Halafu siku mbili baada ya tetemeko Twitter ikabanwa nchini humo kwa saa kadhaa. Watu bado wako chini ya zege! Hilo hadi leo linanichoma.

Baba Mdogo: AMEJIBU. Naweka kama alivyoandika:
"Saa 1:20 usiku. Tuko watano, ghorofa ya 2, jengo la bluu nyuma ya shule. Maji yako ngazi ya nne. Dawa za Bibi zipo. Betri 11."

Shangazi: Afadhali!! 🙏🏾

Kitindamimba: Naupeleka kwa waokoaji hivyohivyo, sipunguzi neno. Mwambie akiweza atume lokesheni mara moja basi. Ile ya kufuatilia mtu njia nzima inafyonza chaji.

Mjomba: Mwambie pia apunguze mwanga wa kioo.

Baba Mdogo: Saa 3:05. Mashua imefika, wameshapakiwa wote. Anazima simu mpaka asubuhi.

Kitindamimba: Nimeandika WAMEOKOLEWA kila nilikolituma ombi lao.

Shangazi: Nami nimeufuta ule wa paa.

Kitindamimba: Na kwenye vikundi vingine ulikoutuma?

Shangazi: Kule kwa majirani wameshausambaza. Na vichanga vimeshakuwa viwili.