Ulinganisho: Drucker, Grove au Rackham kwa anayeongoza wauzaji sita?

Msambazaji_Majengo
Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu kutoka Dodoma. Ninasambaza mafuta ya alizeti kwa jumla, na nina wauzaji sita wanaohudumia maduka ya mjini, Kibaigwa, Manyoni na njia ya kwenda Singida. Nilipokuwa nauza mwenyewe sikupata shida, lakini kuwaongoza wengine kumenielemea: mauzo yanapanda kila mwezi huku fedha ikipungua, kwa sababu mzigo mwingi unatoka kwa mali kauli na marejesho hayafuati. Ninaweza kununua vitabu viwili tu. Nimependekezewa The Effective Executive cha Peter Drucker (1967), High Output Management cha Andrew Grove (1983) na SPIN Selling cha Neil Rackham (1988). Naomba waliovisoma wanilinganishie kwa kuzingatia kazi yangu hii.

Alizeti_Kati
Nimemsoma Rackham mara mbili. Yeye na wenzake walichunguza mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000 kwa muda wa miaka 12, wakaona kwamba mbinu za kumbana mteja afunge biashara papo hapo husaidia bidhaa ndogo, lakini huharibu mauzo makubwa. Badala yake anafundisha maswali ya aina nne: ya hali ilivyo, ya tatizo, ya madhara ya tatizo hilo, na ya manufaa ambayo mteja mwenyewe anayaona katika suluhisho. Ukitaka kuuzia shule za bweni, hoteli au kuomba zabuni, kinunue. Kwa mwenye duka anayechukua madumu matatu na kukuaga, sehemu kubwa ya kitabu haitakugusa.

Mhasibu_Kizota
Kwa tatizo ulilolieleza, Grove ndiye wa kwanza. Aliongoza kampuni ya Intel, lakini kitabu chake kinaanzia jikoni, kwenye kifungua kinywa cha yai la kuchemsha, mkate na kahawa ambavyo lazima vimfikie mteja kwa pamoja vikiwa vya moto, na kutokea hapo anaeleza uzalishaji wote. Hoja yake kuu ni kwamba kazi ya meneja hupimwa kwa matokeo ya kikosi chake na ya vikosi vingine anavyoviathiri, wala si kwa wingi wa shughuli anazozifanya yeye.

Linalokuhusu zaidi ni fundisho lake la kupima kwa vipimo viwili viwili: kila unapopima wingi wa jambo, weka pembeni kipimo cha madhara yanayoweza kuletwa na wingi huo. Wewe umewapima vijana kwa madumu yaliyotoka, nao wamekupa ulichokipima. Weka safu mbili katika daftari moja, yaani mauzo ya wiki na madeni yaliyopita siku 30, kwa jina la kila muuzaji, kisha kaa na kila mmoja peke yake muipitie. Grove anasisitiza mno vikao hivyo vya watu wawili, na anasema asiye na uzoefu wa kazi husika aonwe mara nyingi kuliko aliyeizoea.

Mstaafu_Makole
Wanangu, msimpite Drucker haraka. Anasema kiongozi asianze na orodha ya kazi bali aanze na muda wake, auandike jinsi unavyotumika hasa, maana kumbukumbu hudanganya. Nilipofanya hivyo nikiwa kazini niligundua kwamba siku zangu zilikuwa zikiliwa na mambo ambayo karani angeyamaliza. Ninakubali kwamba hana mengi kuhusu wauzaji.

Zabibu_Hombolo
Ongeza Good to Great cha Jim Collins (2001).

Mhasibu_Kizota
Ndugu Zabibu, kina mawazo mazuri kuhusu kuchagua watu, ila kisomwe kwa tahadhari. Miongoni mwa kampuni 11 kilizozisifu, Circuit City, iliyouza vifaa vya elektroniki, ilifilisika na kuomba mahakama iilinde dhidi ya wadai mwaka 2008, na mwaka huohuo Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba, ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani.

Msambazaji_Majengo
Ninawashukuru, pamoja na mzee wetu wa Makole. Je, kamisheni niilipe kwa mauzo au kwa fedha iliyokusanywa?

Mhasibu_Kizota
Kwa iliyokusanywa. Hilo ni langu, usimbebeshe Grove.

Alizeti_Kati
Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja, kaka. Maduka ya vijijini kuelekea Manyoni hupata fedha mkulima akishauza mavuno yake. Ukiweka siku 30 kwa wote, muuzaji wa huko atawakimbia wateja waaminifu kwa kosa la msimu, naye mwenzake wa mjini ataonekana hodari kwa sababu tu amepangiwa mitaa yenye mzunguko. Weka muda tofauti kwa kila njia, uandikwe kabla mzigo haujatoka.

Msambazaji_Majengo
Nimeelewa. Nitanunua cha Grove na cha Drucker. Cha Rackham kitasubiri hadi nianze kuuzia shule. Jumatatu nitaanza na daftari la safu mbili, siku 30 kwa mjini na Kibaigwa, na kwa Manyoni nitakaa kwanza na kijana wa njia ile anieleze maduka yake yanalipa lini.