Tambi za Korea jikoni kwa mama, Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu mlioko Asia,

Niko Dodoma wiki ya tatu sasa, kwa mama, mtaa wa Kisasa. Kabla sijaondoka Seoul wengine mliniuliza kama inafaa kubeba tambi za pakiti ziwe zawadi ya nyumbani. Nikasema nikizijaribu nitawaandikia. Jibu ni kwamba bebeni, ila si zile mnazozipenda ninyi.

Nilikuja na pakiti 30: Shin Ramyun nyingi, Buldak, Jjapaghetti, na Mi Goreng tano za Indomie, tambi za Indonesia, ambazo bado sijazigusa. Pakiti ya Shin ni gramu 120, kwa hiyo mzigo wote haukufika kilo nne. Zinachokula begini ni nafasi. Na msizilaze chini ya viatu kama mimi, kuna zilizofika zimekuwa chenga.

Siku ya kwanza nikabandika sufuria kwenye gesi. Kugeuka, mama kasimama nyuma yangu na kopo la sukari mkono mmoja, iliki mkono wa pili. Kwake tambi ni zile za futari wanazomletea majirani, za nazi na sukari. Nikamwambia, mama, hizi ni za chumvi. Sukari akairudisha kabatini, iliki akabaki nayo, kama mtu anayemsikiliza fundi asiyemwamini.

Pakiti inasema maji mililita 550, dakika nne na nusu. Hizo ni dakika za Seoul. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na tambi zangu zilibaki na kiini kigumu. Nikafunika, nikaongeza dakika moja, zikaiva. Watu wa Singida mko juu zaidi, ongezeni na ninyi.

Shin ilipita bila shida. Nilipasulia yai la kienyeji, nikakatia chainizi, mama akanywa supu mpaka chini. "Nyama yake iko wapi?" Nikamwonyesha unga kwenye kijipakiti. "Ng'ombe wa unga," akasema, akaomba aongezewe.

Jjapaghetti wajukuu waliikimbia. Ile sosi ya soya ni nyeusi kweli, wakadhani chakula kimeungua. Lakini mama kakulia Mvumi kwa ugali wa uwele na mlenda, kwake chakula kutisha kwa rangi au kuteleza si habari. Aliimaliza peke yake.

Sasa Buldak. Kwa Kikorea bul ni moto, dak ni kuku. Kaka yangu hula pilipili kichaa kama karanga, akaona yule kuku anayetema moto kwenye pakiti, akacheka. Utaratibu ni kumwaga maji, unabakiza kama vijiko vinane, ndipo sosi inaingia. Mimi nilikausha sufuria yote, nikamimina sosi kwenye chuma cha moto. Ule mvuke! Nyumba nzima ilikohoa. Mama alifungua milango yote miwili, na jirani akauliza kupitia ukutani kama tunafukuza popo. Kaka alikula uma tatu, ya nne akaishikilia hewani, halafu akaenda kukaa nje na kikombe cha mtindi. Hakurudi mezani.

Jambo ambalo si la kucheka: mama ana presha. Pakiti moja ya Shin ina sodiamu karibu miligramu 1,800, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima. Kwa hiyo yeye nampikia kwa nusu ya kiungo, na hata hiyo si ya kila siku.

Wenu, wa Kisasa

*

Jibu: kutoka Osaka

Kaka, pole na kaka yako. Mwambie hayuko peke yake, Juni 2024 Denmark waliondoa madukani aina tatu za Buldak kwa ukali wa pilipili, ingawa mwezi uliofuata mbili zilirudi.

Sisi wa Kondoa swali la kwanza ni halali. Picha isikudanganye, tambi zenye picha ya yai au mboga zinaweza kuwa na supu ya mifupa ya nguruwe. Kwenye pakiti za Japani tafuta herufi hii: 豚. Za Korea, neno 돼지. Ukiliona, usimpelekee shangazi. Usipoliona pia usijihakikishie, tafuta alama ya halali.

La pili ni joto. Tangu Momofuku Ando alipozianzisha huku mwaka 1958, tambi hizi nyingi hukaushwa kwa kukaangwa, na yale mafuta huchacha. Niliwahi kutuma boksi nyumbani, likawekwa juu ya kabati, chini ya bati, likisubiri wageni. Wageni walipofika lilinuka kama mafuta ya maandazi ya juzi. Wekeni uvunguni. Na tarehe husomwa kuanzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mama yangu aliwahi kuzitupa nzima kwa kuisoma kinyume.

*

Jibu: kutoka Kuala Lumpur

Kaka wa Kisasa, mpe mama shikamoo, kuhusu sukari alikuwa sahihi na wewe ndiye hukumsikiliza! Fungua hizo Mi Goreng. Ndani kuna sosi nyeusi nzito, kecap manis, soya iliyopikwa na sukari ya mnazi au mti wa jamii yake. Chemsha dakika tatu (zenu nne), mwaga maji, changanya viungo kwenye sahani, si motoni. Juu weka vile vitunguu vikavu. Kijipakiti cha pilipili mwachie kaka yako, kama bado anaongea na wewe.

*

Jibu: kutoka Kisasa

Dada, shikamoo yako naipokea kwa niaba ya mama. Tumepika jana jioni. Alionja, akanyamaza, akaenda kabatini, akarudi na iliki. Akatwanga punje mbili, akanyunyizia. Nilitaka kubisha, nikaonja. Nimeona nisibishe.

Zile nusu za viungo vya Shin zilizobaki alikuwa anazikusanya kwenye kopo la kahawa bila kuniambia. Kaka anapaka kwenye mishkaki, na Jumapili wageni waliuliza kiungo kinauzwa duka gani. Kwa hiyo anayekuja Desemba, haya ni maagizo ya mama, mimi natumwa tu: tambi acheni hukohuko, leteni vile vijipakiti vyekundu.