MREJESHO: Wasifu wa shangazi, miaka 41 ya ushonaji kwa dakika 5

Niliuliza namna ya kueleza maisha ya kazi ya marehemu shangazi, fundi cherehani kwa miaka 41, ndani ya dakika 5 za kumbukumbu. Asanteni. Wasifu umesomwa.

Dakika 5 ni maneno kama 500 kwa usomaji wa taratibu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na 900, na karibu nusu yake ilikuwa miaka na vyeo. Hapo ndipo wasifu mwingi huharibika: msikilizaji hashiki tarehe kwa sikio. Zilibaki tatu tu: kuzaliwa, kuanza kazi, kustaafu. Nyingine zilihamia kwenye karatasi ya kugawa.

Nafasi iliyopatikana ilikwenda kwa mikono yake. Ndugu husema "alikuwa mchapakazi", na hilo halimwonyeshi mtu. Aliofanya nao kazi ndio wanaojua kwamba aliacha sentimita 4 za pindo kwenye sare za watoto ili zishushwe wakikua, na kwamba alijaribu mshono kwenye kipande cha kitambaa kilekile kabla ya kugusa nguo ya mteja. Waulizeni: "Alikuwa akikosoa nini?" Swali hilo hufungua mengi kuliko "alikuwaje?"

Picha za zamani: skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), majina nyuma kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya, na laminesheni (kufunika picha kwa plastiki) haibanduki bila kuiharibu.

Kwa msomaji: herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba. Machozi hufuta mstari.